Zebaki kwenye Samaki wa Bahari: Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja: zebaki kwenye samaki. Tumechagua zinazogusa watu wengi zaidi. Vipimo vyote humu ni miligramu kwa kila kilo ya mnofu mbichi, isipokuwa pale tutakaposema vingine. Wastani wa kila samaki tumeuchukua kwenye vipimo vya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliyopima samaki kwa miaka mingi. Samaki wa kwetu wanaweza kupishana navyo kidogo, lakini mpangilio wa nani ana zebaki nyingi na nani ana chache kwa kawaida ni uleule.

Nina mimba ya miezi minne. Muuguzi kliniki amenikataza papa na jodari kwa sababu ya zebaki. Mama mkwe anasema mtoto hawi na akili bila samaki. Nimsikilize nani?
*Mama mtarajiwa, Tanga*

Hongera, mama. Wasikilize wote wawili, maana kila mmoja amesema kweli yake. Muuguzi anasema juu ya samaki wa aina fulani, mama mkwe juu ya samaki kwa jumla.

Zebaki iliyomo kwenye mnofu wa samaki karibu yote ni ya aina inayoitwa methilizebaki. Ukiila, zaidi ya asilimia 90 yake hupenya utumbo na kuingia kwenye damu. Kondo la nyuma haliizuii. Tena damu ya kitovu cha mtoto huwa na methilizebaki nyingi kuliko damu ya mama yake, na ubongo unaojengwa ndio unaodhurika mapema kuliko kiungo kingine chochote. Ndiyo sababu kamati ya pamoja ya FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, ilipopanga kiwango cha kutovuka mwaka 2003, ilimtazama mtoto aliye tumboni. Kiwango chenyewe ni mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki (mikrogramu elfu moja ni miligramu moja). Mwanamke wa kilo 60 basi asizidi mikrogramu 96 kwa wiki.

Hesabu yake si ngumu. Samaki mwenye miligramu 1 kwa kilo ana mikrogramu 1 katika kila gramu. Papa ana wastani wa 0.98, kwa hiyo gramu 98, yaani kipande kimoja cha mchuzi, kinamaliza fungu lako la wiki nzima. Jodari wa mapezi ya njano ana 0.35, na fungu lako kwake ni gramu 270 hivi. Dagaa wa baharini wana 0.013. Ungelazimika kula zaidi ya kilo saba kwa wiki ndipo ufike kikomo, na hakuna tumbo la kufanya hivyo.

Kwa hiyo kula samaki mara mbili au tatu kwa wiki, kila mara kipande cha ukubwa wa kiganja chako, kama gramu 110. Chagua dagaa, simu, vibua, tasi, mwatiko, kamba au ngisi. Changu na kolekole wa wastani wanafaa mara moja kwa wiki, na wiki hiyo usiongeze samaki mwingine anayewinda samaki wenzake. Mpaka ujifungue na uache kunyonyesha, achana na papa, sulisuli, nduaro, jodari mkubwa wa kukatwa mapande, na chewa mkubwa. Ukijifungua, nyonyesha kama kawaida, kwa sababu methilizebaki inayopita kwenye maziwa ni kidogo kuliko ile inayopita kwenye kondo.

Mama mkwe naye usimpuuze. Mafuta ya omega-3, madini ya joto na seleniamu vinavyopatikana kwenye samaki vinaujenga ubongo uleule ambao zebaki inaubomoa. Majirani zetu wa Shelisheli walifuatiliwa kwa muda mrefu juu ya jambo hili. Watoto walianza kuchunguzwa miaka ya 1980 wakiwa tumboni na kuendelea hadi utu uzima. Mama zao walikuwa wakila samaki karibu mara 12 kwa wiki, na nywele zao zilikuwa na zebaki mara kadhaa ya ile ya wanawake wa Ulaya au Marekani, lakini watafiti hawakuona dhara la kudumu linalojirudia kwa watoto hao. Visiwa vya Faroe vilitoa jibu jingine mwaka 1997: watoto wa miaka saba ambao mama zao walikuwa na zebaki nyingi walikuwa nyuma kidogo katika lugha, usikivu na kumbukumbu. Huko Faroe chanzo kikubwa ni nyama ya nyangumi, mnyama mkubwa mwenye zebaki nyingi, anayeliwa kwa wingi kwa siku chache na ambaye mafuta yake yana sumu nyingine pia. Shelisheli watu hula samaki wa aina nyingi, kidogo kidogo, kila siku.

Na kama juzi ulikula papa, usikose usingizi. Kikomo ni wastani wa wiki nyingi, na mlo mmoja haumharibu mtoto.

Mimi ni mama karanga, nakaanga na kuuza samaki. Wateja wananiambia nikilowesha samaki kwa chumvi na ndimu, nikatupa kichwa na ngozi, kisha nikakaanga vizuri, zebaki inatoka. Ni kweli? Na papa ng'onda je?
*Msomaji, Likoni*

Si kweli, dada. Sumu nyingine za baharini hukaa kwenye mafuta, na hizo kuondoa ngozi na mafuta ya tumbo husaidia kuzipunguza. Methilizebaki haikai kwenye mafuta. Imejishika kwenye protini ya mnofu wenyewe, kwenye nyuzi za nyama unazotafuna. Chumvi haiing'oi, wala ndimu, siki, moshi au mafuta yanayochemka. Ukikatakata samaki mara mia, kila kipande kitabaki na sehemu yake.

Kinachotoka jikoni ni maji. Mnofu mbichi ni maji kwa takriban robo tatu. Ukikaanga, maji yanapungua na zebaki inabaki palepale, kwa hiyo gramu 100 za samaki aliyekaangwa zina zebaki zaidi kidogo ya gramu 100 za mbichi. Kwa ng'onda tofauti ni kubwa mno. Chukua mfano wa kilo moja ya papa mbichi mwenye 1.0 iliyokauka ikabaki gramu 400. Zile mikrogramu 1,000 zimo zote ndani ya hizo gramu 400, yaani 2.5 kwa kila gramu. Mwanamke wa kilo 60 akila gramu 40 tu amefikisha mikrogramu 100, juu ya kikomo cha wiki. Ukiona kibandiko chenye kipimo cha papa, uliza kwanza kilipimwa kwa mbichi au kwa mkavu.

Unaloweza kufanya lipo mbele ya meza yako, wakati wa kununua. Chukua samaki wadogo wa jamii zinazobaki ndogo. Na mteja mwenye mimba akiomba papa, mpe vibua na umweleze sababu.

Nafundisha sayansi sekondari. Wanafunzi wanauliza zebaki inafikaje baharini, na kama inatoka kwenye migodi ya Geita na Chunya ikifuata mito. Naomba jibu lenye takwimu.
*Mwalimu, Morogoro*

Waonyeshe ramani ya mito kwanza, mwalimu, kwa sababu wengi hukosea hapo. Maji ya Geita humwagika Ziwa Victoria, ambalo hutoka kwa Mto Nile kuelekea Bahari ya Mediterania. Maji ya Chunya huingia Ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mto wa kutokea. Hakuna tone la mito hiyo linalofika Bahari ya Hindi. Handeni na Kilindi ni habari nyingine, kwa kuwa mito ya huko inashuka pwani. Lakini hata huko, njia kuu ya zebaki kwenda baharini ni hewa.

Zebaki ni metali inayogeuka mvuke kwa urahisi. Ikishapaa hukaa angani miezi kadhaa, hata karibu mwaka, na muda huo unatosha kuizunguka dunia. Kisha hubadilika kikemia, hunasa kwenye mvua na vumbi, na kushuka. Kwa kuwa bahari ndiyo sehemu kubwa ya uso wa dunia, nyingi inashukia humo. Moshi wa Chunya unaweza kuanguka kusini mwa Atlantiki, na moshi wa makaa ya mawe ya Asia ukaanguka mbele ya Kilwa.

Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilikadiria kuwa mwaka 2015 shughuli za binadamu zilirusha hewani tani 2,220 hivi za zebaki. Asilimia 38 ilitoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu, kundi kubwa kuliko yote, na asilimia 21 ilitokana na kuchoma makaa ya mawe. Baada yao kuna viwanda vya kuyeyusha shaba, risasi na zinki, kisha viwanda vya saruji, kwa sababu chokaa na makaa vina chembe za zebaki ndani yake. Volkano na miamba inayomomonyoka nazo hutoa, lakini UNEP ilikadiria mwaka 2013 kuwa vyanzo hivyo vya asili ni kama asilimia 10 ya zebaki yote inayoingia hewani kwa mwaka. Asilimia 30 ni ya binadamu wa leo. Iliyobaki, takriban 60, ni ya zamani iliyowahi kushuka na sasa inapaa tena kutoka udongoni na baharini, na sehemu kubwa yake tuliitoa sisi binadamu karne zilizopita. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa zebaki katika maji ya juu ya bahari imeongezeka karibu mara tatu tangu kabla ya zama za viwanda.

Zebaki inayoshuka na mvua bado si ile ya samaki. Inageuzwa kuwa methilizebaki na bakteria wanaoishi mahali penye oksijeni kidogo: kwenye tope la mikoko na milango ya mito, na hasa katika tabaka la bahari lililo kati ya mita 200 na 1,000 hivi, ambako mabaki ya viumbe huoza yakishuka. Mwaka 2013 wanasayansi walizitambua jeni mbili zinazowapa bakteria hao uwezo huo, hgcA na hgcB. Juu, jua huivunja methilizebaki. Chini, giza huihifadhi. Ndiyo maana jodari wa macho makubwa, anayewinda kwenye kina, ana wastani wa 0.69, wakati jodari wa mapezi ya njano anayewinda karibu na juu ana 0.35, ingawa wote wanatoka bahari moja.

Kisha inapanda ngazi ya ulaji. Mimea midogo ya majini hunyonya methilizebaki, wadudu wa majini hula mimea hiyo, dagaa hula wadudu, vibua hula dagaa, jodari hula vibua. Kila mlaji huunguza chakula kupata nguvu na kubaki na methilizebaki, maana mwili huitoa polepole mno. Ngazi ya juu kabisa, kiasi kilichomo kwenye mnofu huzidi kile cha maji zaidi ya mara milioni. Wape wanafunzi kanuni tatu za kubashiri: anakula nini, ameishi miaka mingapi, anawinda kina gani. Papa hupata alama mbaya kwenye zote tatu.

Kuna njia moja zaidi, ya kumwaga moja kwa moja, na mfano wake ni Minamata, Japani. Kiwanda cha Chisso kilitumia zebaki kutengeneza asetaldehaidi kuanzia 1932 hadi 1968 na kumwaga maji taka kwenye ghuba, methilizebaki ikiwa tayari imo ndani. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956: paka waliyumba, wavuvi walikufa ganzi vidole na kupoteza uwezo wa kuona pembeni, na watoto walizaliwa na ubongo ulioharibika huku mama zao wakionekana wazima. Serikali ilikiri chanzo mwaka 1968, miaka 12 baadaye, na kwa muda wote huo watu waliendelea kula. Mkataba wa kimataifa wa zebaki umeitwa kwa jina la mji huo. Ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017.

Nachoma dhahabu kwenye karai juu ya jiko la mkaa. Nimeambiwa moshi wangu unaishia kwenye samaki. Nitumie nini, maana bila zebaki dhahabu ndogo haikamatiki?
*Mchimbaji mdogo, Chunya*

Ni kweli unaishia huko, ndugu, lakini kabla ya samaki unapita kwenye mapafu yako. Mvuke wa zebaki ukivutwa, takriban asilimia 80 hubaki mwilini na kwenda kwenye ubongo na figo. Kutetemeka mikono, hasira zisizo na sababu na kukosa usingizi ni dalili zake za kawaida.

Anza kabla ya moto. Usimwage zebaki kwenye karasha, yaani mashine ya kusagia mawe, au kwenye mawe yote uliyosaga. Huko inasagika kuwa vumbi laini lisiloshika dhahabu, na inaondoka na marudio, yaani mchanga unaobaki baada ya kutoa dhahabu. Chekecha na osha kwanza, upate mchanga mzito mchache, ndipo utie zebaki kwenye beseni, ukivaa glovu. Kamua ya ziada kwa kitambaa kizito. Kidonge kinachobaki huwa takriban nusu dhahabu, nusu zebaki.

Hiyo nusu ndiyo unayoirusha angani, na ndiyo unayoweza kuinasa kwa retoti: kikombe cha chuma chenye kifuniko kinachobana, na bomba la chuma linalotoka juu na kuinama kwenda chini. Fundi wa kuchomelea anayejua kazi anaweza kuitengeneza. Weka kidonge, funga, na uzibe kiungo cha kifuniko kwa udongo wa mfinyanzi. Zungushia bomba kitambaa kinacholowa maji muda wote. Mdomo wa bomba uwe juu kidogo ya maji kwenye chombo, usizame. Hili limewaumiza watu: moto ukipungua, kikombe kinavuta maji kupitia bomba lililozama, maji yanagusa chuma chenye moto, na kinapasuka. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, kwa hiyo moto uwe wa kuwekundisha kitako cha kikombe. Matone yakikoma, ongeza dakika kumi. Kisha acha kipoe mpaka ukishike kwa mkono wazi. Anayefungua kikiwa cha moto huvuta mvuke wote uliobaki ndani.

Retoti nzuri ikitumiwa vizuri hurudisha hadi asilimia 95 ya zebaki, nawe unaitumia tena badala ya kununua. Dhahabu ikitoka na weupe, moto haukutosha. Usiipeleke hivyo kwa mnunuzi, maana ataichoma tena dukani katikati ya mji, na huko ndiko watu wengi wasiowahi kuingia shimoni wanakopata sumu. Fanya kazi nje, mbali na nyumba na watoto, na kikombe cha retoti kisipikiwe chakula kamwe.

Mwisho, marudio yenye zebaki yasipelekwe kwenye sayanaidi, kemikali ya kuyeyushia dhahabu. Sayanaidi huyeyusha zebaki na kuifanya isafiri na maji. Hayo, pamoja na kutia zebaki kwenye mawe yote, kuchoma bila retoti na kuchoma kwenye makazi, ndiyo mambo manne ambayo Mkataba wa Minamata unazitaka nchi kuyakomesha. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Tunakusanya pweza na jodari kwa ajili ya soko la Ulaya. Viwango ni vipi, na sampuli ichukuliweje ili mzigo usirudishwe?
*Kikundi cha wakusanyaji, Kilwa*

Ulaya hupima zebaki yote kwa jumla. Samaki wengi kikomo chao ni 0.50. Jodari, papa, nduaro na wawindaji wengine wakubwa ni 1.0. Tangu 2022 pweza, ngisi na sadini wameshushiwa kikomo hadi 0.30. Kanuni za Codex, zinazotumika katika biashara ya nchi nyingi, hutaja methilizebaki: jodari 1.2, papa 1.6, nduaro 1.7. Maabara ikipima zebaki yote na jibu likawa chini ya hapo, hakuna haja ya kulipia kipimo cha pili.

Pweza hawatawasumbua. Huishi mwaka mmoja au miwili, muda usiotosha kujaza. Toeni matumbo yote na kuosha vizuri, kwa sababu ini lake hukusanya metali nyingine, hasa kadimiamu, na likipasuka linachafua mnofu.

Kwa jodari, kosa la kawaida ni kuchanganya ukubwa. Mzigo wenye samaki wa kilo 8 na wa kilo 60 ukipimwa kwa samaki mmoja mdogo utapita kwenu na kukwama bandarini kwao. Gaweni kwa uzito, na kila kundi lipimwe kivyake, mkianza na wakubwa. Kateni mnofu bila ngozi wala damu nyeusi, gramu 100 au zaidi, kwa kisu safi, tieni kwenye mfuko mpya wa plastiki na kugandisha nyuzi 18 chini ya sifuri. Andikeni aina, urefu, uzito na eneo la uvuvi. Ombeni jibu litaje kama ni uzito mbichi. Likija kwa uzito mkavu litaonekana mara nne zaidi bila sababu.

Hapa Muscat tunakula nguru karibu kila siku, na papa mkavu mara kwa mara. Mwanangu amesoma ushauri wa Marekani kwamba wajawazito wasile kabisa samaki anayefanana na nguru. Je, ndiye huyuhuyu?
*Baba, Muscat*

Siye, mzee wetu, ila ni ndugu yake. Anayekatazwa Marekani ni Scomberomorus cavalla wa Atlantiki na Ghuba ya Meksiko, mwenye wastani wa 0.73. Nguru wetu, wa Oman hadi Msumbiji, ni Scomberomorus commerson. Huyu wetu hukua haraka sana, na samaki anayekua haraka huwa na zebaki iliyotawanyika kwenye nyama nyingi. Wa kilo mbili au tatu bado ni kijana. Wa kilo 20 ni mwindaji aliyeishi miaka.

Kwa hiyo nunueni nguru wadogo, na kwa wenye mimba iwe mara moja kwa wiki. Siku nyingine wapikiwe sadini na kamba, ambao Oman ni wengi na wa bei nafuu. Watu wazima wengine, isipokuwa wanawake wa umri wa kuzaa, wana nafasi zaidi: kamati ileile ya FAO na WHO ilisema mwaka 2006 kwamba kwao hata mara mbili ya kile kiwango haitarajiwi kudhuru mishipa ya fahamu. Papa mkavu awe kiungo cha kuonja, asiwe kitoweo, na kwa mama mjamzito asiwepo kabisa.

Mtoto wangu wa miaka minne, kilo 16, anapenda jodari wa kopo. Ngapi kwa wiki?
*Mama, Nairobi*

Kikomo chake ni mikrogramu 25.6 kwa wiki. Kopo la kawaida likichujwa hubaki na gramu 120 hivi za samaki. Soma kibandiko. Ikiwa ni Katsuwonus pelamis, jodari mdogo mwenye milia, wastani wa aina hiyo ya kopo ni 0.126, sawa na mikrogramu 15. Kopo moja kwa wiki ni sawa, na siku nyingine mpe omena. Ikiwa ni Thunnus alalunga, mwenye nyama nyeupe, wastani ni 0.35, sawa na mikrogramu 42. Huyo usimpe kopo zima. Kopo lisilotaja aina liache dukani.

Kuna mtu anauza dawa ya mitishamba ya kutoa zebaki mwilini. Pia anapima kwa kifaa cha kushika mkononi. Inafaa?
*Msomaji, Unguja*

Hapana. Hakuna kifaa cha kushika mkononi kinachopima methilizebaki. Hupimwa maabara, kwa damu au kwa nywele. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo sentimita tatu za karibu na ngozi hueleza ulaji wa miezi mitatu iliyopita. Kikatwe kishungi kisogoni, kifungwe uzi upande wa shina ili maabara ijue mwanzo uko wapi. Anayepaka krimu zenye zebaki aseme mapema, kwa maana krimu huchafua nywele kwa nje na kutoa jibu la uongo. Krimu hizo zina zebaki ya aina nyingine, inayoua figo, na kuacha samaki hakutibu hilo.

Mwili huitoa methilizebaki wenyewe, nusu yake kila baada ya siku 50 hadi 70. Mwanamke anayepanga kubeba mimba akiacha papa na jodari wakubwa miezi sita kabla, atabaki na chini ya robo ya alichokuwa nacho. Mwenye ganzi mdomoni na vidoleni, anayeyumba au asiyeona pembeni aende hospitali.

Zebaki baharini inaongezeka au inapungua? Nasi wavuvi tufanye nini?
*Mvuvi, Lamu*

Vipimo vya jodari wa Pasifiki, Atlantiki na Hindi kuanzia 1971 hadi 2022 vilikusanywa pamoja na kuchapishwa mwaka 2024. Hali imebaki vilevile karibu kila mahali, ingawa Ulaya na Amerika Kaskazini zilipunguza sana moshi wao katika miaka hiyo. Sababu ni kina. Zebaki iliyozama zamani imehifadhiwa chini na inaendelea kupanda polepole hadi maji wanamolishia jodari. Upunguzaji wa leo utaonekana kwenye samaki baada ya makumi ya miaka, na kila mwaka wa kuchelewa unaongezwa juu ya hapo.

Kwenye mashua, kumbuka tofauti moja. Tunaposema samaki wadogo, tunamaanisha jamii ambazo wazima wao ni wadogo: vibua, simu, dagaa, tasi. Hatusemi watoto wa jodari wakubwa. Mtoto wa jodari wa kilo mbili ana zebaki kidogo, ndiyo, lakini bado hajazaa hata mara moja, na kumvua kunamaliza wazazi wa msimu ujao. Na mkipata papa mkubwa au nduaro, wauzieni watu kwa jina lake halisi sokoni, asikatwe mapande na kuitwa nguru, ili mama mwenye mimba ajue anachobeba kwenye kikapu.